Upasuaji wa mfupa wa shavu Moshi: mfupa ulikaa sawa, nyama ya uso ikasahaulika

Nilivunjika mfupa wa shavu la kushoto katika ajali ya bodaboda karibu na Boma Ng'ombe, nikafanyiwa upasuaji katika hospitali moja mjini Moshi ambayo sitaitaja jina. Kazi ya mfupa naisifu bila kusita. Madaktari walisubiri siku chache uvimbe upungue, lakini hawakungoja hadi mfupa uanze kuunga vibaya. Walipasua ndani ya mdomo, juu ya ufizi, na pia chini ya kope, wakaushikiza mfupa kwa vyuma vya titani, na picha za baadaye zilionyesha kila kipande kimerudi mahali pake.

Kilichoniumiza ni maelezo ambayo sikupewa. Hakuna aliyeniambia kwamba, ili mfupa ufikiwe, nyama ya shavu hubanduliwa pamoja na utando unaoufunika mfupa, na kwamba utando huo usiposhonwa tena juu ulikokuwa, shavu linaweza kushuka ingawa mfupa wenyewe umenyooka. Uvimbe ulipokwisha, miezi kadhaa baadaye, niliona mkunjo utokao puani hadi pembeni mwa mdomo umezama zaidi upande wa kushoto, na kope ya chini imevutwa na kovu hata weupe wa jicho unaonekana chini ya mboni. Nikikaa dirishani kwenye daladala, jicho hilo moja hutoa machozi njia nzima.

Ganzi iliyobaki shavuni na mdomoni siwalaumu nayo, maana neva ya shavu, yaani mshipa wa fahamu, hupita palepale mfupa unapovunjikia, na hisia hurudi taratibu. Hata hivyo, asubuhi moja uji ulitiririka hadi kwenye kanga nisijue, mpaka mwanangu aliponiambia, "Mama, unamwaga." Neno moja kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani lingenipunguzia hofu ya siku ile.

Kliniki ya marejeo ndiyo iliyonirudishia imani. Daktari aliniinua kidevu, akayatazama mashavu yote mawili kutokea chini, akalinganisha na picha yangu ya zamani, kisha akanifundisha kulikanda kovu kwa kidole, nikisukuma kope kuelekea juu. Mvuto wa kovu kwenye kope umelegea kiasi, lakini shavu bado limeshuka. Anayekwenda kupasuliwa achukue picha ya uso wake wa awali, na kabla ya kusaini fomu aulize nyama ya shavu itashikizwa vipi.