Uzoefu wangu na unga wa tumbo wa paka hapa Unguja

Unga ninaoutumia ni FortiFlora wa paka, wa kampuni ya Purina, wenye bakteria hai wa kusaidia utumbo (probiotiki), na ninampa paka jike wa kilo nne mwenye tumbo jepesi. Akibadilishiwa chakula anaendesha, akipewa dawa ya minyoo anaendesha, wakija wageni wakalala nyumbani anaendesha. Kwa tumbo la namna hii unga unafaa na nitaununua tena. Ila sifa zake ni kubwa kuliko kazi yake, na paka wengi wa hapa wanaopewa unga huu shida yao imo kwenye sahani, haimo kwenye utumbo.

Ndani ya boksi mna vipakiti 30, kila kimoja gramu 1. Bakteria aliyemo ni wa aina moja tu, Enterococcus faecium SF68, na kampuni inaahidi wasiopungua milioni 100 katika gramu. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni kionjo: nyama iliyoyeyushwa kwa vimeng'enya kisha ikakaushwa. Ndiyo maana paka anaukimbilia. Ukiona paka aliyegoma kula ameanza kula baada ya kunyunyiziwa, usiwashukuru bakteria, ni harufu ile. Kwa paka anayechunguzwa mzio wa chakula kionjo hicho ni kikwazo, kwa sababu protini yake inaingia kwenye jaribio na kulivuruga. Huyo atafutiwe probiotiki isiyo na ladha ya nyama.

Kipimo ni kipakiti kimoja kwa siku, paka awe mdogo au mkubwa. Unga unanyunyizwa juu ya chakula dakika ile ile ya kumwekea, na usiukoroge hadi chini, kwani akibakisha nusu ya sahani atakuwa amebakisha na nusu ya dawa. Mimi huweka kwanza kijiko kimoja cha chakula chenye unga wote, akimaliza ndipo naongeza. Kama anakula chakula kikavu, kilowanishe kwa kijiko cha maji ili unga ushike, la sivyo utabaki wote kwenye kitako cha bakuli. Na chakula kiwe kimepoa. Samaki aliyetoka chunguni sasa hivi akinyunyiziwa, bakteria wanakufa na kinachobaki ni kionjo cha bei ghali.

Joto na unyevu ndio maadui wake hapa visiwani. Wakati wa masika kipakiti kilichofunguliwa kikaachwa mezani kinashika unyevu na unga unagandamana. Usitunze nusu. Kaskazi ikivuma chumba chenye paa la bati kinapita nyuzi 30 mchana kutwa, na bakteria wakavu hawapendi kukaa humo wiki kwa wiki. Naweka vipakiti ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana, kopo ndani ya friji, natoa kimoja kimoja. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa si neno. Kinachoharibu ni miezi iliyopita kabla hujanunua: boksi lililokaa kwenye rafu inayopigwa jua linaweza kuwa na tarehe nzuri na bakteria wachache sana, na huwezi kujua kwa macho wala kwa pua, maana unga uliokufa unanuka vile vile. Muulize muuzaji analiweka wapi. Akikuonyesha dirishani, acha.

Je, unasaidia? Kwa kiasi. Utafiti uliofanywa katika makazi ya wanyama kaskazini mwa Colorado, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa paka walioendesha kwa siku mbili au zaidi walikuwa asilimia 7.4 kwenye kundi lililopewa SF68 na asilimia 20.7 kwenye kundi lililopewa unga mtupu. Kwa mbwa wa makazi yale yale tafauti haikuonekana. Matokeo hayo ni mazuri kwa paka mwenye msongo anayeishi mahali pageni, na hayasemi kwamba unga unatibu kila tumbo. Kuendesha kwa ghafla aghalabu kunakoma kwenyewe baada ya siku chache. Unga unaweza kupunguza siku hizo na kukifanya choo kiwe na umbo mapema. Ukitumia wiki mbili mfululizo na choo hakijabadilika, usinunue boksi la pili. Tafuta sababu.

Ili ujue choo kinabadilika au la, kipe alama. Purina wenyewe wana kipimo cha 1 hadi 7: moja ni vigololi vikavu, mbili ni choo kilichoshikana kinachookoteka bila kuacha alama, saba ni maji matupu. Lengo ni mbili, tatu inavumilika. Angalia pia namna anavyokwenda. Choo kingi, mara mbili tatu kwa siku, na paka anapungua mwili, hilo ni la utumbo mdogo. Choo kidogo kidogo, mara nyingi, anajikamua, kina ute au michirizi ya damu mbichi, hilo ni la utumbo mkubwa. Tafauti hii ina maana, kwa sababu nyuzinyuzi zinasaidia la pili na hazifanyi kitu kwa la kwanza.

Sasa sahani. Paka wa Unguja analishwa dagaa, vichwa vya samaki na wali uliobaki, na kila kimoja kina lake. Dagaa wakavu wana chumvi nyingi; waroweke, mwaga maji, kisha chemsha. Dagaa na samaki wengine kadhaa wakiliwa wabichi kila siku wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na paka aliyeishiwa B1 huanza kwa kukataa chakula na kutapika, baadaye anapepesuka na kuinamisha shingo. Kuchemsha kunakiua kimeng'enya hicho. Kwa vibua na jodari waliokaa juani shida ni nyingine: bakteria wanatengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini haiondoki kwa moto. Samaki aliyenunuliwa sokoni Darajani adhuhuri kwa bei ya kutupa eti "ni wa paka tu", hata umchemshe vipi, anaweza kumtapisha. Mnunulie asubuhi, au mnunulie kidogo.

Maziwa usimpe. Paka mkubwa hana kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja sukari ya maziwa, ikifika utumbo mkubwa inavuta maji na kuchachuka. Chai ya maziwa iliyobaki kikombeni ni hivyo hivyo. Mchuzi nao una kitunguu maji na kitunguu thomu, na hivyo vinavunja chembe nyekundu za damu ya paka hata vikiwa vimepikwa. Watu husema mbona paka wa Forodhani wanakula kila kitu na wako wazima. Nani amewafuata uchochoroni akaona choo chao?

Minyoo iondolewe kabla ya unga wowote. Kidonge chenye pyrantel na praziquantel pamoja kinashughulikia minyoo ya mviringo, safura na tegu, kwa kipimo cha uzito, kwa hiyo mpime: panda mzani naye, kisha panda peke yako, utoe. Ukiona vitu kama punje za mchele vimekauka karibu na mkia, hao ni tegu, na wanatokana na viroboto. Usipoua viroboto tegu watarudi. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin usimpake paka, inaua.

Kubadilisha chakula kunahitaji siku 7 hadi 10: robo ya kipya siku za mwanzo, kisha nusu, kisha robo tatu. Siku tumbo limechafuka, kifua cha kuku kilichochemshwa bila chumvi, milo minne midogo, kwa siku mbili tatu. Usimwache hapo wiki nzima, kuku mtupu hana kalsiamu ya kutosha na anapungukiwa mengine.

Nije kwenye bidhaa ya pili ninayoweka nyumbani: Saccharomyces boulardii, kapsuli za watu za 250 mg kutoka duka la dawa. Hii ni jamii ya hamira, na kwa kuwa si bakteria haiuawi na antibiotiki. Paka akiwa kwenye dozi ya antibiotiki, unga wa SF68 unaweza kuuawa na dawa ile ile, labda uachanishe kwa saa mbili au zaidi. Hamira hii haina shida hiyo. Kipimo nilichopewa na daktari wa mifugo ni nusu kapsuli kwa siku, nafungua na kuchanganya kwenye chakula laini. Vipakiti vya watoto vyenye ladha ya matunda sivitumii, vina sukari au laktosi, na ukikuta xylitol (kitamu mbadala wa sukari) kwenye orodha virudishe dukani. Asipewe paka aliye kwenye dawa za fangasi, zitaiua, wala paka mwenye kinga dhaifu au anayetumia steroidi kwa wingi. Na hamira ya mandazi si mbadala wake. Hiyo inaumuka tumboni na kutoa pombe.

Hapa lazima nitaje Flagyl, maana ndiyo dawa ya kwanza inayotajwa na kila jirani. Kwa kuendesha kwa kawaida haihitajiki. Inawamaliza bakteria wazuri unaowalipia kwenye unga, ni chungu kiasi kwamba paka anatoa povu mdomoni, na ikizidi inagusa ubongo: anatetemeka, anayumba. Kuna na kimelea kiitwacho Tritrichomonas foetus kinachowafanya paka vijana waendeshe kwa miezi, na Flagyl haikitibu kabisa. Kinahitaji dawa nyingine, kwa daktari. Panadoli hata kipande usimpe. Dawa za watu za kufunga tumbo na zile za maji zenye rangi ya waridi na bismuthi ndani pia ziacheni. Bismuthi hiyo huja pamoja na salisilati, jamii ya aspirini, na ini la paka linashindwa kuitoa salisilati hiyo.

Kwa choo kigumu, au lile la utumbo mkubwa lenye ute, boga linashinda vitu vingi vya dukani. Lichemshe au lipike kwa mvuke bila chumvi, toa ganda na mbegu, liponde, mpe kijiko kimoja cha chai ndani ya mlo. Zaidi ya vijiko viwili litamvimbisha na kumlegeza. Linalobaki ligandishe kwenye trei ya barafu. Futari ya boga ya Ramadhani haihesabiki, ina tui na sukari. Maganda ya mbegu za isabgol, yenye nyuzinyuzi, nayo yanafaa, robo ya kijiko cha chai, lakini yaloweke mpaka yawe kama uji mzito kabla ya kumpa. Yakimeza maji ndani ya tumbo la paka asiyekunywa maji, utakuwa umemziba kabisa.

Unga wa vimeng'enya vya kongosho nimeuacha. Una maana kwa paka ambaye kongosho lake halitoi vimeng'enya, ugonjwa ambao kwa paka ni nadra na unathibitishwa kwa kipimo cha damu. Kwa wengine wote ni pesa ya bure, na ukimwagiwa mkavu unaweza kumchoma midomo. Vitamini B12 ni jambo jingine: paka mwenye kuendesha kwa muda mrefu anaipoteza, na bila hiyo utumbo haupoi hata ukimpa probiotiki za dunia nzima. Dozi ya kawaida ni mikrogramu 250 chini ya ngozi mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Ampuli nyingi za watu zina mikrogramu 1,000 kwa mililita, kwa hiyo ni robo mililita tu. Hakikisha ni B12 peke yake, maana sindano za vitamini B mchanganyiko zinamuuma sana.

Paka mchanga asiyechanjwa anayetapika na kuendesha pamoja asisubirishwe na unga. Huenda ni panleukopenia, ugonjwa wa virusi wa paka, na anaweza kufa ndani ya siku moja mbili. Paka mkubwa asiyekula kwa siku nzima, choo cheusi kama lami, au ngozi ya bega ukiivuta hairudi haraka, ni kwa daktari siku hiyo hiyo. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta yanajaa kwenye ini, na hilo ni kubwa kuliko kuendesha kwenyewe.

Kwa walioko Pemba, boksi likiagizwa na boti liwekwe kwenye mfuko wa baridi wenye barafu iliyofungwa kwenye plastiki, na mtu wa kulipokea awe bandarini Mkoani, lisilale kwenye chumba cha mizigo mpaka kesho yake. Agiza boksi moja kwa wakati. Paka mmoja analimaliza kwa mwezi, na la pili litakalosubiri kabatini linaweza kupoteza sehemu ya ulichokilipia.