Bia na saida za kuonja: ipi ununue kwanza, ipi uiache rafuni

Anayeanza kuonja bia kwa makini huuliza chapa. Angeanza kwa kuuliza chupa imekaa wapi na kwa muda gani. Bia za laga za Afrika Mashariki zinafanana kuliko mashabiki wake wanavyopenda kukubali: rangi ya dhahabu, uchungu mdogo, kilevi kati ya asilimia 4 na 5.6. Chukua chupa mbili za chapa ileile, moja ina wiki tatu tangu itoke kiwandani, nyingine imelala miezi saba kwenye stoo ya mabati. Zitapishana kuliko chapa mbili tofauti zilizo mpya.

Kwa hiyo tumezipanga kwa mambo mawili: kinywaji kinampa mwonjaji kitu gani cha kutambua, na kinavumilia kiasi gani safari na stoo za kwetu. Bei hatukuitia hesabuni, maana mara nyingi hupanda bajeti ya serikali inaposomwa.

Kagua chupa kabla ya kutoa hela

Tarehe ndiyo ya kwanza. Tafuta maandishi madogo shingoni, kwenye lebo au pembeni mwa kizibo. Laga huwa katika ubora wake miezi mitatu ya mwanzo, hata kama mwisho wa matumizi uko mbali zaidi. Kama chupa imeandikwa tarehe ya mwisho tu, linganisha zote za chapa hiyo zilizopo na uchukue yenye tarehe ya mbali kuliko wenzake. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Pili, mwanga. Jua na hata taa kali za rafuni hugonga kemikali za uchungu zinazotokana na maua ya hopsi, na matokeo yake ni harufu ya kicheche. Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Cha kijani huzuia kidogo, cheupe karibu hakizuii kitu. Katika jua kali harufu hiyo hujitokeza ndani ya dakika chache, si siku. Basi omba chupa kutoka kwenye kreti la chini au katoni iliyofungwa, si ile inayopendeza dirishani. Bia ya kopo haina tatizo hili kabisa.

Halafu tazama shingo. Ukizisimamisha chupa tatu pamoja na moja ikawa na kiwango cha chini, kizibo chake huenda kinavuja gesi, irudishe. Kizibo chenye kutu kwa kawaida kimelala kwenye maji ya barafu. Ndani huwa hakuna shida, ila futa mdomo wa chupa kabla ya kumimina.

Duka? Groseri yenye wateja wengi, hata kama haina feni, mara nyingi ina bia mpya kuliko supamaketi ya kifahari ambako chupa hukaa zikisubiri mgeni. Vumbi mabegani mwa chupa linaeleza yote.

1. Guinness Foreign Extra Stout

Kwa pesa utakayotoa, hakuna chupa ya kawaida rafuni yenye mengi ya kutambua kama hii. Shayiri iliyokaangwa inaleta kahawa iliyoungua kidogo na chokoleti chungu, kuna ukali wa tindikali nyuma ya ulimi, na uchungu unaobaki baada ya kumeza. Viwanda vilivyo nje ya Ireland hupelekewa kiini cha ladha kutoka Dublin, kisha kikachanganywa na bia iliyopikwa hapo hapo. Ndiyo maana inayopikwa Kenya ina kilevi cha asilimia 6.5 na ya Nigeria 7.5, na ukizionja pamoja utaona ni ndugu, si pacha.

Inashika nafasi ya kwanza pia kwa sababu ni ngumu. Ladha zake nzito hufunika uzee mdogo ambao ungeiaibisha laga.

Kosa kubwa ni kuinywa ikiwa na baridi ya kuuma meno. Kwenye nyuzi 4 unabaki na uchungu na gesi tu. Kahawa hujitokeza kuanzia nyuzi 10. Itoe kwenye friji nusu saa kabla. Wanaoagiza “ya moto” wanakaribia ukweli, lakini wakumbuke kwamba “ya moto” ya Nairobi mwezi wa Julai na “ya moto” ya Dar mwezi wa Februari si kitu kimoja. Ile ya Dar inapita nyuzi 28, na hapo kilevi kinapanda puani kuliko kingine chochote.

2. Tusker Malt na Serengeti Premium

Laga nyingi za kawaida huongezewa mahindi, mtama au sukari ili ziwe nyepesi na nafuu. Hizi mbili huuzwa kama bia za kimea kitupu cha shayiri, na tofauti unaipata mdomoni: kuna uzito kidogo, harufu ya mkate au biskuti, na utamu wa nafaka kabla uchungu haujaingia. Serengeti ina asilimia 4.8, Tusker Malt iko karibu na 5.

Nunua mojawapo, kisha weka pembeni yake laga ya kawaida ya kiwanda kilekile. Somo la kimea utalipata kwenye meza hiyo haraka kuliko kwa kusoma. Kati ya hizi mbili hatuchagui. Chukua iliyo mpya katika nchi uliyoko. Serengeti iliyobebwa hadi Mombasa ikapigwa jua njiani haishindi Tusker Malt iliyotoka kiwandani Ruaraka, Nairobi, wiki iliyopita, na kinyume chake ukiwa Moshi.

3. Savanna Dry

Saida ni maji ya tufaha yaliyochachushwa, hayana kimea wala hopsi. Kwa sababu hiyo chupa nyeupe ya Savanna haileti harufu ya kicheche kama ambavyo ingeleta kwa bia. Inatoka Afrika Kusini, ilizinduliwa mwaka 1996, na kilevi chake ni kati ya asilimia 5.5 na 6 kulingana na soko. Soma lebo ya chupa uliyoishika.

Tunaiweka juu ya laga za kawaida kwa sababu ni kavu kweli kwa vipimo vya saida za kiwandani. Utapata ganda la tufaha, tindikali safi, na utamu unaokoma mapema. Kipande cha limau kinachosokomezwa shingoni kina raha yake baa, lakini siku ya kuonja kiondoe, la sivyo utalipa alama limau.

4. Tusker na Kilimanjaro

Hapa ndipo ubishi ulipo. Tusker asilimia 4.2, Kilimanjaro 4.5, zote nyepesi na zimetengenezwa kwa ajili ya kiu. Kampuni iliyozaa Tusker ilianzishwa Nairobi mwaka 1922 na ndugu wawili wa ukoo wa Hurst. Mmoja wao, George, aliuawa na tembo mwaka uliofuata, na ndiyo asili ya pembe kwenye jina na tembo kwenye lebo.

Kabla ya kugombana ipi bora, hakikisha unaweza kuzitofautisha. Mtu mwingine amimine glasi tatu ukiwa chumba kingine: mbili bia moja, ya tatu nyingine, zote zikiwa na baridi sawa. Kazi yako ni kuitaja iliyo tofauti. Kwa kubahatisha tu utapatia mara moja kati ya tatu, kwa hiyo ukipatia mara moja hujathibitisha kitu. Rudia mara sita, kila mara mpangilio ubadilishwe. Ukipatia tano au zaidi, uwezekano kwamba ni bahati uko chini ya asilimia 2. Mafunda ya mililita 40 yanatosha, hivyo zoezi zima halifikii chupa mbili. Anayeapa kwa jina la timu yake huwa mpole sana baada ya raundi ya tatu.

Nunua zote mbili, ila usilipie nauli kuzifuata.

5. Safari na Nile Special

Safari ina asilimia 5.5, Nile Special ya Jinja, Uganda, 5.6. Kilevi kinaongeza utamu na joto la kooni, na ndicho kitu cha kujifunza hapa. Zikipoa sana huwezi kukitambua, zikipata joto kinazidi. Zionje kwenye nyuzi 7 au 8. Ukivuka kwenda Congo, Primus ya chupa ya sentilita 72 inafaa kugawana watu wengi zaidi, ingawa nusu ya mwisho hupoteza gesi msipoharakisha.

6. Hunter’s Gold na Tusker Cider

Zote asilimia 4.5, tamu, tufaha la peremende zaidi kuliko tufaha la mtini. Si mbaya; zinachosha. Glasi ya pili haina jipya. Nunua moja tu, uiweke ubavuni mwa Savanna ili uone sukari inavyofunika tindikali.

7. Za “lite” na za chupa ya kijani

Bia nyepesi za asilimia 4 zimeundwa zisiache alama mdomoni, na kazi hiyo zinaifanya vizuri. Kwa kuonja ni hela iliyopotea. Laga za nje za chupa ya kijani, kama Heineken, ni suala jingine: bia yenyewe ni safi, lakini safari na taa za rafuni zinaiharibu mara kwa mara. Ukiitaka, nunua ya kopo.

Mbege na pombe nyingine za kienyeji hatukuzipanga. Hazitulii: ya asubuhi ni tamu, ya jioni imeshakuwa chachu, na huwezi kumtuma mtu akakuletee ileile.

Mezani

Chupa tano kwa watu watano, kila mmoja mililita 80 hadi 100 za kila aina, ndiyo hesabu nzuri. Ladha ya sita huwa haisikiki vizuri tena, na kinachobaki ni kunywa. Anza na nyepesi, maliza na nzito: laga ya kawaida, ya kimea kitupu, Safari, kisha Guinness. Saida zionjwe siku yake peke yake, kwa sababu tindikali ya tufaha huifanya laga inayofuata ionekane kama maji. Kati ya aina na aina, maji na kipande cha mkate mkavu. Karanga za chumvi, mishikaki na pilipili vije baadaye.

Glasi ioshwe kwa sabuni, isuuzwe mpaka sabuni iishe, iachwe ikauke yenyewe kichwa chini. Kitambaa cha jikoni huacha mafuta, na mafuta huua povu. Ukimimina ukaona mapovu yameganda kwenye kuta za glasi, hiyo si gesi nzuri, ni uchafu. Glasi ya mvinyo iliyofinyana mdomoni hukusanya harufu kuliko bilauri. Inamishe, mimina ubavuni mpaka nusu, kisha isimamishe umalizie katikati. Povu la vidole viwili linatosha.

Friji ikiwa imejaa, weka chupa kwenye ndoo ya maji, barafu na konzi mbili za chumvi; dakika 20 zinatosha. Friza inafaa pia, lakini ukiisahau bia huganda kwenye nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri na chupa kupasuka.

Alama tunatumia mpangilio wa waamuzi wa bia wa Marekani (BJCP), jumla 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Andika kabla ya kuongea. Mtu mmoja akisema “nasikia asali”, meza nzima itasikia asali.

Mambo ya kuchunga puani: kadibodi iliyolowa ni uzee na hewa, siagi au bisi ni hamira iliyokatishwa kazi kabla haijasafisha, mahindi ya kuchemsha ni kasoro ya upishi, tufaha bichi kwenye bia ni bia changa, siki ni vimelea, na hii hutokea zaidi kwenye bia ya pipa ambayo mipira yake haijasafishwa. Ukikuta siki kwenye bia ya pipa, omba chupa. Kasoro ikiwa kwenye chupa moja, fungua ya pili ya kreti hilohilo kabla ya kuihukumu chapa.

Kuhusu kiasi, zidisha ujazo wa mililita kwa asilimia ya kilevi kisha kwa 0.789 upate gramu za pombe tupu. Tusker ya nusu lita inatoa 16.6, Savanna ya mililita 330 ya asilimia 6 inatoa 15.6, na nusu lita ya Guinness ya asilimia 6.5 inatoa 25.6. Saida ndogo “ya akina dada”, kama walevi wanavyoidharau, inakaribia bia kubwa. Chini ya miaka 18 wasihesabiwe kwenye kikundi, na mwenye gari aje na wa kumrudisha. Alcoblow, kipima pumzi cha polisi wa Kenya, haiulizi kama ulikuwa unaonja tu.

Zilizobaki zisimamishwe wima mahali penye giza na baridi, mbali na jiko. Tupu zirudi dukani kabla hujasahau uliacha hela ya chupa kwa nani.