Uzoefu wangu na karakana ya kufua mazulia Tabata: maji yanakwenda wapi?

Kwa miaka mingi nilipolipeleka zulia kufuliwa nilitazama mambo mawili tu: rangi yake linaporudi na kiasi nilicholipa. Mtazamo huo ulibadilika Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na DAWASA ikatangaza mgawo wa maji jijini Dar es Salaam. Nyumbani kwetu Tabata tulikuwa tukinunua maji kwa dumu, huku fundi aliyekuwa akitufulia mazulia kando ya barabara akiendelea kumwaga maji ya kisima mchana kutwa, na povu lake likiteremka mtaroni kuelekea Bonde la Msimbazi. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda, kwa hiyo kinachomwagwa huku kwetu huwapitia kwanza watu wa mabondeni, ambao nyumba zao tayari huingiliwa na mafuriko kila masika, kabla ya kufika pwani. Simlaumu fundi yule, kwa kuwa ndiyo kazi yake na hakuna aliyemfundisha njia nyingine, lakini niliona siwezi kuendelea kulipia jambo hilo.

Mwaka uliofuata jirani yangu alinielekeza kwenye karakana ndogo iliyojitangaza kuwa inafua mazulia «bila kuchafua mazingira». Nimekuwa mteja wao tangu wakati huo. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu nitaeleza kasoro zake pamoja na mazuri yake, na ni biashara ya familia ambayo bado inajifunza.

Siku ya kwanza nilimwomba mama mwenye karakana anionyeshe kazi inavyofanyika, naye alinikaribisha bila kinyongo. Nililolipenda kuliko yote lilitangulia maji. Zulia huning'inizwa kifudifudi juu ya bomba la chuma, likachapwa kwa fimbo pana mpaka vumbi likome kutoka, kisha likapitishwa mashine ya kunyonya vumbi pande zote mbili. Mashine hiyo hutumia dakika ishirini au zaidi kwa zulia moja, na nilipomuuliza fundi sababu ya kuchelewa hivyo alinijibu, «Mama, mchanga ukishalowa unakuwa tope, na tope linakula maji.» Maelezo yake ni ya kweli. Uchafu mwingi wa zulia katika mji wenye barabara za vumbi kama wetu ni mchanga mkavu, na ukiutoa ungali mkavu unahitaji maji machache, sabuni kidogo, na nyuzi hazikatwi na chembe za mchanga wakati wa kusuguliwa. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa sababu mteja haioni.

Maji yenyewe hutoka mahali pawili. Wana kisima, kama karakana nyingi za Dar es Salaam, lakini maji yake yana chumvi na ni magumu, yaani sabuni haitoi povu kwa urahisi, na fundi hujikuta akiongeza sabuni ambayo baadaye inahitaji maji mengi zaidi kuisuuza. Chanzo cha pili ni paa. Hesabu ya maji ya mvua ni rahisi na ninapenda kuirudia kwa kila anayenisikiliza: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lao lina ukubwa unaokaribia mita za mraba 80, kwa hiyo mvua ya milimita 20, ambayo kwetu si ajabu hata kidogo wakati wa masika, huleta lita 1,600 ukiacha zinazopotea njiani. Maji hayo ni laini, hayana chumvi, na huhifadhiwa kwenye tangi la lita 5,000 kwa ajili ya suuza ya mwisho peke yake. Suuza hiyo ndiyo inayoamua mengi, kwa sababu sabuni inayobaki kwenye nyuzi hunasa uchafu, na zulia likachafuka tena mapema na kurudi kufuliwa kabla ya wakati.

Maji yaliyokwisha kutumika hupita kwenye wavu mwembamba unaonasa nyuzi, yakaingia kwenye shimo la kwanza la saruji ambako tope hutuama, kisha yakachujwa kwa changarawe, mchanga na makaa kabla ya kukusanywa kwenye shimo la mwisho. Hayo hutumika kulowesha zulia linalofuata na kusafisha sakafu. Chujio la mchanga haliondoi sabuni iliyoyeyuka, wala mama yule hakunidanganya kwamba linaiondoa. Maji yakishazunguka mara mbili tatu na kuwa mazito, humwita mwenye gari la maji taka. Gharama hiyo imo ndani ya bei. Zulia langu la futi 7 kwa 10 nalilipia shilingi 25,000, wakati fundi wa barabarani alikuwa akinitoza 15,000, na ninailipa tofauti hiyo kwa moyo mkunjufu.

Mwaka jana mwezi wa Februari waliniangusha. Jua lilikuwa kali, mvua haikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa, na zulia lilirudi likiwa kavu na lenye rangi nzuri. Siku ya pili tulipopiga deki likapata unyevu kidogo, sebule nzima ikanuka uvundo. Nilipiga simu, nao wakalifuata siku hiyo hiyo kwa kirikuu, wakalifua upya bila malipo. Mama mwenye karakana aliniambia wazi kwamba tangi la maji ya mvua lilikuwa limekauka, na kijana wa zamu akasuuza kwa maji ya shimo la mwisho ambayo yalikuwa yamelala humo siku nyingi. Nilikasirika, nami nilimwambia hivyo, kwa sababu mteja mwingine angeondoka akiamini kwamba maji yaliyorudiwa ndiyo yaliyoharibu zulia lake, ilhali kosa lilikuwa kuyatumia mahali pasipostahili. Tangu hapo wameweka koki ya rangi nyekundu kwenye maji hayo, na tangi la mvua likikauka husuuza kwa maji wanayoyanunua.

Kuna mambo mawili katika tangazo lao ambayo nimewaomba wayarekebishe. La kwanza ni maneno «sabuni isiyo na kemikali». Hakuna sabuni ya namna hiyo. Hata maji ni kemikali. Wanachokifanya kweli ni kizuri kuliko maneno yao: hawatumii dawa ya klorini, na huchagua sabuni isiyo na fosfati, kwa sababu fosfati ikifika mtoni au baharini hurutubisha mwani ukakua kupita kiasi na, unapooza, ukamaliza hewa wanayoihitaji samaki. Wangeandika hivyo tu. La pili ni dai kwamba «wanarejeleza mazulia chakavu». Nilichokiona ni vijana wakikata sehemu nzima za mazulia yaliyochakaa, wakayashona pindo na kuyauza kama vitambaa vya mlangoni. Huko ni kutumia tena, si kurejeleza, na kunastahili sifa yake, lakini kitambaa hicho nacho siku moja kitatupwa. Mazulia mengi tunayoyanunua madukani siku hizi yamefumwa kwa nyuzi za plastiki na kugandishwa kwa gundi upande wa chini, na kuvitenganisha viwili hivyo ni kazi ambayo karakana ya mtaani haiwezi kuifanya.

Plastiki hiyo ndiyo iliyonifanya niulize pia kuhusu tope. Zamani walilimwaga kwenye migomba nyuma ya karakana, wakidhani ni udongo tu. Tulilitazama pamoja likiwa limekauka, na nyuzi za rangi zilionekana wazi ndani yake. Udongo haziuachi, kwa sababu haziozi. Sasa hulianika, hulitia kwenye viroba na kulikabidhi kwa gari la taka, ambalo huishia dampo la Pugu Kinyamwezi. Najua huko ni kuhamisha tatizo, lakini afadhali likae mahali panapojulikana kuliko kwenye shamba la chakula.

Kuhusu ufungashaji, mwanzoni walirudisha zulia likiwa limeviringishwa ndani ya karatasi la nailoni. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 linahusu mifuko ya kubebea, hivyo hawakuvunja sheria, ila nilisikitika kuona kazi yote ile ikimalizikia kwenye nailoni inayotumika mara moja. Sasa hutumia shuka la pamba ambalo mteja hulirudisha, na wateja wa mtaa mmoja hupangiwa siku moja ili kirikuu kisizunguke mji mzima kwa zulia moja.

Nina zulia moja la sufu, la marehemu mama yangu, ambalo sijawahi kulipeleka kwa fundi yeyote. Sufu haivumilii sabuni kali wala maji ya moto, na ikikaa na chumvi hukakamaa. Nilipowauliza mwezi Agosti kama wanaweza kulifua, fundi alipanda ngazi akachungulia tangi, akashuka akaniambia nisubiri, maana maji yaliyobaki hayatoshi kulisuuza inavyopaswa. Tumekubaliana nilipeleke Novemba, mvua za vuli zitakapokuwa zimelijaza.