TAHADHARI: Kuna mtu anauza mbegu za "astilbe ya bluu"

Ndugu zangu mnaohangaika na bustani huku Uingereza, kuna muuzaji mtandaoni anaweka picha ya astilbe, lile ua la bustani, yenye mashada ya bluu kama wino. Pakiti ya mbegu pauni 6, mizizi mitatu ya Fanal, aina moja ya astilbe, pauni 15. Msimtumie chochote. Mimi nimeshaliwa zote 21.

Astilbe ya bluu haipo. Maua yake huwa meupe, ya waridi, mekundu au ya zambarau. Ukiona bluu ya namna ile, ujue picha imechezewa.

Kilichomuumbua ni mbegu zenyewe. Mbegu ya astilbe ni laini kama vumbi, ukihema karibu inapeperuka. Zangu zilikuja nyeusi, za mviringo, kubwa kama haradali. Nikazipanda hivyo hivyo kwa matumaini. Siku ya nne zikaota, kila moja na vijani viwili vya umbo la moyo: jamii ya kabichi, wala si astilbe.

Mizizi nayo ilifungwa kwenye nailoni, mikavu kabisa. Nilijaribu kuukunja mmoja, ukakatika kama kuni. Mzizi mzima wa astilbe ni mzito mkononi na una macho ya kuchipua.

Halafu akikwambia ana mbegu za Fanal, achana naye. Fanal, ile nyekundu iliyokoza aliyoitoa mkuzaji wa maua Georg Arends kule Ujerumani mwaka 1933, huzalishwa kwa kugawa shina pamoja na mizizi yake. Ukipanda mbegu yake, miche haifanani na mama. Brautschleier, ile nyeupe, ni vivyo hivyo. Nunueni mche ulio kwenye chungu, majani myaone kwa macho yenu. Na kama udongo wako hukauka wakati wa kiangazi, ulizia Pumila, ile fupi; Fanal ikikosa maji kidogo tu, kingo za majani zinaungua.

Nilipomdai alisema sikumwagilia vya kutosha, kisha akanizuia nisimwandikie tena. Alinishawishi nimtumie pesa moja kwa moja benki, eti kadi zinamsumbua. Ningelipa kwa kadi, ningeweza kuomba benki irudishe malipo. Jana nimeiona picha ile ile, duka lina jina jingine. Nimeshaliripoti. Aliyekwisha kutuma pesa, apigie benki yake leo.