TAHADHARI: Pixel "ya kuweka Linux" pale Ngamiani, msitoe hela

Wana Tanga, na nyie wa Muheza na Pangani mnaoagizia simu mjini, someni hii kabla hamjamtumia yule muuza simu wa Ngamiani hata shilingi mia. Nimepigwa. Laki tatu na themanini yangu imekwenda, simu ninayo hapa mezani, na kazi niliyoinunulia haifanyi wala haitafanya. Jina lake na la duka siandiki kwa sasa maana shauri bado nalipeleka mbele, lakini ukisikia maneno yake utamjua mwenyewe, kwa hiyo nayaandika kama alivyoyasema.

Nilikuwa naitafuta Pixel 3a, simu ya Google, si hizi Tecno zilizojaa kila kaunta. Nilitaka simu ya kuweka Ubuntu Touch, mfumo wa Linux wa simu unaokaa mahali pa Android. Kwa bei zetu hizi 3a ndiyo inayosifiwa: simu ya mwaka 2019, RAM GB 4, tundu la hedifoni lipo, na jamaa wa UBports, ndio wanaoitengeneza Ubuntu Touch, wameushughulikia mfumo wao mpaka ukatulia humo.

Sasa msiniite mjinga kabla hamjasikia nilichokikuta. Mafundi simu wengi wa mjini hapa ukiwatajia Linux wanakuuliza ni antivairasi ya aina gani. Huyu kompyuta ya kaunta yake ilikuwa na Linux Mint, Linux ya kompyuta. Kabla sijasema nataka nini, ameona stika kwenye laptop yangu, akanianza yeye: "Ami, wewe mtu wa Ubuntu au wa Debian?" Zote mbili ni aina za Linux, nilicheka kwa furaha. Akanitajia sargo, lile jina la ndani la Pixel 3a ambalo hulijui kama hujawahi kushika kazi hii. Akanieleza mpaka habari ya kuishusha simu kwanza hadi Android 9 ndipo uweke Ubuntu Touch. Yote hayo kweli.

Akavuta droo akatoa Pixel nyeusi, kioo kimemeguka kona ya juu kulia. Akaizima mbele yangu, akaiwasha. Likaja lile onyo la kila simu iliyofunguliwa butiloda, yaani mlango wa kubadilishia mfumo, kwamba simu hii haina ulinzi wa kiwandani, kisha Ubuntu Touch ikaamka. Akatelezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto, mstari wa programu ukatoka. Akafungua tamino, dirisha la kuandikia amri, akaandika uname, amri ya kuuliza mfumo gani, kwa dole gumba lake lenye kucha ndefu, simu ikajibu Linux. Akaichomeka kwenye laptop yangu, mafaili yakafunguka. Halafu akapiga simu ya kawaida kabisa, kampigia mkewe kumwuliza kama samaki wameshaungwa, na mkewe kajibu tukasikia wote wawili. Samaki walikuwa bado.

Niambieni nani asingeamini hapo.

Nikasema naitaka. Akasema, "Hii siuzi ami, ya kuonyeshea hii, kioo si unakiona? Nakupa pacha wake." Pacha akatoka kwenye boksi, mweupe, msafi, ana nailoni bado. Nikaweka laini yangu, ikasoma papo hapo. Nikamwambia nionyeshe ile swichi ya kuruhusu kufungua butiloda, maana nayo naijua, mimi si wa jana. Akaingia kwenye mipangilio mwenyewe, akagonga namba ya toleo mara 7 upesi upesi kama anapiga dufu, menyu ya siri ikafunguka, na tukaiona "OEM unlocking". Imefifia, kijivu, haishikiki. Nikauliza mbona hivi. Hakutetereka hata kidogo: "Hapo inataka intaneti kwanza. Pixel ikishaingia mtandaoni inawauliza wenyewe Google, ndipo swichi inaamka."

Na hilo, jamani, ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu ni kweli. Pixel halali iliyofutwa upya inakuwa hivyo hivyo mpaka iunganishwe. Nilikuwa nimeshalisoma kitambo. Yaani alinikamata kwa kitu ninachokijua. Angenidanganya uongo mtupu ningemshika pale pale.

Nikasema basi tuiunganishe hapa hapa. Waifai ya duka, anasema, imekatwa tangu asubuhi. Nikataka kununua bando, mara adhana ya magharibi hii hapa, na yeye ameshashika shata la mlango. "Ami, ukifika nyumbani dakika mbili tu. Tuwahi swala." Mtu anakuita swala, wewe utamwambia ngoja kwanza nikague simu? Nikalipa kwa M-Pesa, tena alinipunguzia elfu ishirini, tukatoka wote kuelekea msikitini. Tumesimama safu moja na mtu huyu, hela yangu ina dakika kumi mfukoni mwake!

Nyumbani nimeiunganisha, kijivu. Nimeifuta upya, kijivu. Nimeiacha kwenye waifai ya jirani usiku kucha, kijivu. Nikaipeleka fastboot, ile hali ya kupokea amri za kompyuta, nikaiamuru kutoka kwenye laptop ijifungue, ikajibu kwamba kufungua hakuruhusiwi.

Kwa msiojua: butiloda ni ile programu ndogo inayoamka kwanza kabisa simu ikiwashwa, na ndiyo inayoamua mfumo gani uingie. Ikifungwa, utabaki na Android iliyokuja nayo hata ulie machozi ya damu. Pixel zilizouzwa na Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, butiloda yake haifunguki kwa njia ya kawaida, na hii yangu ni ya huko. Hakuna fundi wa kuiflashi, hakuna msimbo wa kununua. Ukitazama kwa nje ni Pixel 3a ile ile, na laini zetu inasoma bila tabu, maana kufunguliwa mtandao wa laini ni jambo moja na kufunguka butiloda ni jambo jingine. Hapo ndipo anapowapatia watu. Hata ukibonyeza *#06# ukatuma IMEI kwenda 15090 kama TCRA wanavyotuelekeza, utajibiwa sawasawa, maana simu si feki. Mimi nilituma, ikaja Google Pixel 3a bila wasiwasi. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe ana cheti.

Asubuhi nikarudi. Ami hakuna tena, sasa mimi ni "bosi". "Bosi, nimekuuzia Pixel 3a. Hii si Pixel 3a? Haipigi? Haisomi laini?" Akanionyesha kwa kidole karatasi ya ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamkumbusha neno lake la pacha. Akasema pacha ni kwa sura. Kwa sura! Mbele ya wateja wawili na muuza kahawa, nikatoka pale nimevimba uso kama mimi ndiye mwizi. Jioni ameshaniblock.

Kuna watakaosema labda na yeye hakujua. Hapana. Nimemtuma binamu yangu aende kama mteja, hana habari ya Linux hata kidogo, nimemkaririsha tu maswali. Ametolewa nyeusi ile ile yenye kona iliyomeguka, mkewe kapigiwa simu tena, na "pacha" mwingine katoka kwenye boksi. Swichi kijivu, waifai imekatwa. Safari hii kisingizio kilikuwa anafunga kwenda Bombo kumwona mgonjwa. Mtu anaye simu moja nzima ya kweli kwa kazi ya kutapeli tu, hiyo ni kutojua?

Shangazi anataka asomewe albadiri. Nimemzuia, ila si kwa moyo mmoja. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai nchi hii, lipo kwenye Kanuni ya Adhabu, na mimi ninayo meseji ya muamala, ninayo na sauti yake ya WhatsApp akisema "inafunguka, nakuhakikishia". Nitaipeleka polisi na Tume ya Ushindani. Huyu afungiwe duka, alipe, akae ndani, na ile nyeusi yake ipasuliwe na nyundo katikati ya soko la Ngamiani kila mtu anaona. Wengine waliouziwa pacha njooni inbox tuungane, mmoja mmoja anatumaliza.

Mnaoniuliza ungemshikaje: dai iunganishwe intaneti ukiwa bado umeshika hela yako, na usitoke mpaka swichi iwake na uisogeze mwenyewe. Simu ya kuonyeshea na simu ya kuuzwa iwe ndiyo hiyo hiyo. Kingine nilichokipuuza, alisema ukiichomeka Pixel 3a kwa waya kwenye skrini inageuka kompyuta. Uongo, 3a haitoi picha kwa tundu la USB. Huawei msihangaike, waliacha kutoa msimbo wa kufungulia tangu 2018. Samsung zilizotengenezwa kwa soko la Marekani nazo ni ugonjwa huo huo. Xiaomi wao mara nyingi wanakusubirisha siku kadhaa, kwa hiyo anayekuuzia akasema inafunguka leo leo, mwulize kivipi. Na kama shida yako ni kuhamisha picha na kupata meseji kwenye laptop ya Linux tu, Android yoyote uliyo nayo na programu ya KDE Connect inatosha, ni ya bure, hamna haja ya kwenda kwa mtu huyu wala mwingine.

Nyeupe yangu naiuza kama Android ya kawaida, na nitamwambia mnunuzi wazi kwamba ni ya Verizon. Mwenye 3a isiyofungwa na kampuni anitafute, tukutane Uhuru Park mchana, bando nitanunua mimi, na swichi naigusa kwa kidole changu kabla sijafungua M-Pesa.