Ferd'nand na Henry: katuni mbili za kimya

Kwa baraza za Mji Mkongwe, ambako babu na mjukuu hukaa pamoja kutazama picha, mimi humtanguliza Ferd'nand, aliyeanza kuchorwa mwaka 1937 na Henning Dahl Mikkelsen wa Denmark, mbele ya Henry, kitoto chenye kipara alichokibuni Mmarekani Carl Anderson mwaka 1932. Henry mwenyewe hasemi, lakini magazetini wenziwe mara nyingine huzungumza, na hapo asiyejua Kiingereza huachwa nyuma. Ferd'nand hutegemea picha tupu: mtazame mwanawe, aliyevaa kikofia kilichochongoka mfano wa kile cha baba yake, na mapenzi yao yote yamo humo. Hata hivyo, kwa usafi wa mistari, Anderson ananivutia zaidi.