TAHADHARI: Barua za "cheti chako cha SSL kinaisha, lipia sasa"

Wenye tovuti, kaeni macho. Kuna matapeli wanatuma barua pepe kwamba cheti cha usalama (SSL) cha tovuti yako, kile kinachothibitisha kwa kivinjari kwamba tovuti ni yako kweli, kinakaribia kuisha, ulipie ndani ya saa 24 la sivyo tovuti itafungwa. Jina la tovuti ni lako kweli, na tarehe ya kuisha ni sahihi kabisa. Hapo ndipo watu wanaponasa.

Tarehe hiyo hawajaidukua popote. Vyeti vinavyokubaliwa na vivinjari vikubwa huorodheshwa kwenye daftari za wazi, na ukiandika jina la tovuti yako kwenye tovuti ya crt.sh, inayotafuta ndani ya daftari hizo, utaviona vyako vyote, tarehe zikiwemo. Daftari ziliwekwa ili cheti cha kughushi kionekane mapema. Tapeli naye anapita humo humo kuokota majina.

Mara nyingi cheti chenyewe ni cha Let's Encrypt, kinachotolewa bure na ISRG, shirika lisilo la faida la Marekani, tangu mwishoni mwa 2015. Kwa kawaida hudumu siku 90, kisha programu kama Certbot inakihuisha yenyewe bila wewe kugusa kitu. Tena Let's Encrypt waliacha kutuma barua za kukumbusha tarehe za kuisha mwezi Juni 2025, kwa hiyo barua ya namna hiyo inayokuja leo kwa jina lao ni ya uongo. Na cheti kikiisha, hakuna anayekufungia tovuti. Ni kivinjari tu kinachowaonya wageni wako.

Wapo pia wanaouza "cheti cha maisha". Hakipo. Tangu Septemba 2020 vivinjari vikubwa vilikataa cheti kipya cha zaidi ya siku 398, na kikomo kimepangwa kushuka kwa hatua hadi siku 47 ifikapo Machi 2029. Kumlipa fundi kwa kazi ya kukuwekea cheti ni haki yake, mradi aseme wazi kwamba unalipia kazi.

Wabaya kuliko wote ni wanaotaka uwatumie faili la privkey.pem "wakusaidie kuhuisha". Huo ni ufunguo wa siri wa tovuti yako. Mwenye nao anaweza kujifanya wewe. Kuhuisha cheti hakuhitaji kumpa mtu ufunguo huo, wala kumpa mtu usiyemjua nywila ya seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti yako. Kama umeshautuma, batilisha cheti leo hii, toa kipya chenye ufunguo mpya, halafu badilisha nywila zote za seva.

Ukipata barua ya namna hiyo usibonyeze kiungo chochote. Fungua tovuti yako mwenyewe, bonyeza alama iliyo kando ya anwani, uangalie nani alitoa cheti na kinaisha lini. Kwenye seva yenye Certbot endesha `certbot renew --dry-run`: jaribio likipita bila hitilafu, futa barua uendelee na kazi zako.